Faibaglasi ya kupuliza darini: angalia uzito kabla ya unene

Chukua nyumba mbili zilizojengwa kwa ramani moja. Kila moja imewekewa faibaglasi ya kupuliza darini, na ukipanda na rula utakuta sentimita 40 kwa hii na sentimita 40 kwa ile. Tofauti ni kwamba fundi wa nyumba ya kwanza alifungua magunia 18, wa pili akafungua 13. Kwa macho hutaona lolote: kote ni tabaka jeupe, nene, laini, limejaa kutoka ukuta hadi ukuta. Msimu wa baridi ukiingia ndipo nyumba ya pili inapoanza kula umeme au gesi kuliko jirani yake, na mwenyewe hatajua kwa nini, kwa sababu rula ilimwambia kila kitu kiko sawa.

Wengi wanaponunua kihami joto cha darini huuliza swali moja tu: kitakuwa kinene kiasi gani? Swali si baya, lakini kwa bidhaa hii halitoshi, na fundi asiye mwaminifu analijua hilo vizuri. Faibaglasi ya kupuliza ni nyuzi za kioo zilizokatwakatwa zikawa mabonge madogo mepesi, kisha zikashindiliwa ndani ya gunia la plastiki. Siku ya kazi mashine huzichambua, hewa huzisukuma kupitia mpira mrefu, nazo hutua darini zikiwa zimevimba mara nyingi kuliko zilivyokuwa guniani. Zitavimba kiasi gani? Hapo ndipo mkono wa fundi unapoamua. Akiongeza hewa na kupunguza nyuzi, gunia moja litafunika eneo kubwa zaidi kwa unene uleule.

Kazi inafanywa na hewa iliyotulia

Kioo chenyewe hupitisha joto takriban mara 40 kuliko hewa iliyotulia. Maana yake ni kwamba nyuzi hazipo darini ili zizuie joto kwa mwili wake. Zipo ili ziishike hewa isitembee, na ili zikatize miale ya joto isipite moja kwa moja kutoka upande wenye joto kwenda upande wa baridi. Tuliofundishwa fizikia ya shule tunakumbuka kwamba joto husafiri kwa njia tatu: mpitisho (kupita ndani ya kitu), msafara (kubebwa na hewa inayotembea) na mnururisho (kwa miale). Hewa iliyotulia hushughulikia njia ya kwanza vizuri sana. Njia mbili zilizobaki zinategemea nyuzi ziko ngapi katika kila sentimita ya mchemraba.

Zikiwa chache, nafasi kati yake zinakuwa kubwa. Miale inapenya, hewa nayo inapata uwanja wa kuzunguka. Unene haujabadilika hata kidogo, lakini uwezo wa kuzuia joto umeshuka. Ndiyo sababu nasema uzito wa nyuzi zilizotandazwa kwenye kila mita ya mraba ndio unaokuambia ulichonunua, na unene ni ushahidi wa pili tu. Vyote viwili vinahitajika, ila ukilazimika kuamini kimoja, amini uzito.

Uwezo huo hupimwa kwa thamani ya R, na hapa kuna mtego unaowanasa hata watu makini. Kuna R mbili duniani. Marekani na Kanada wanatumia R ya futi na digrii za Fahrenheit. Kwingineko hutumika R ya mita na digrii za Selsiasi. Ili kutoka ya kwanza kwenda ya pili, gawanya kwa 5.68. R-38 ya Kimarekani ni kama 6.7 kwa kipimo cha mita, R-49 ni 8.6, na R-60 ni 10.6. Mtu akikuambia dari yako inahitaji "R 6" muulize kwanza ni R ipi, maana moja ni dari nzuri na nyingine ni karibu sawa na kukosa. Kuanzia hapa kila R, yenye kistari au isiyo nacho, ni ya Kimarekani, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kwenye magunia mengi ya bidhaa hii.

Faibaglasi ya kupuliza hutoa takriban R 2.2 hadi 2.7 kwa kila inchi, yaani kwa kila sentimita mbili na nusu. Kwa wastani wa 2.5, R-30 inataka kama sentimita 30, R-49 kama 50, na R-60 kama 61. Kama nafasi kati ya dari na paa lako ni finyu, hasa kule pembeni paa linapokutana na ukuta, hesabu hiyo peke yake inaweza kukuondoa kwenye bidhaa hii.

Jedwali lililochapwa kwenye gunia

Nchini Marekani kuna kanuni ya Tume ya Biashara ya serikali kuu, FTC, iliyotolewa mwaka 1979, inayosimamia jinsi vihami joto vya nyumba vinavyotangazwa na kuuzwa. Ilitungwa kwa sababu soko lilikuwa limejaa ahadi zisizopimika. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, gunia la kihami joto cha kupuliza lazima libebe jedwali, na jedwali hilo ndilo rafiki mkubwa wa mnunuzi. Kwa kila thamani ya R linaonyesha unene wa chini, uzito wa chini kwa kila eneo, na gunia moja linafunika eneo gani. Hata kama unaishi nchi isiyo na kanuni ya namna hiyo, dai jedwali. Kiwanda kisichoweza kukupa jedwali hakistahili dari yako.

Kulitumia ni hesabu ya dakika mbili. Tuseme jedwali linasema R-49 inahitaji angalau kilo 4.3 kwa kila mita ya mraba, na gunia lina kilo 14. Dari yako ina mita za mraba 90. Zidisha 90 kwa 4.3, unapata kilo 387. Gawanya kwa 14, unapata 27.6, yaani magunia 28. Sasa una namba ya kumshikia fundi. Akija na magunia 20 akakuambia yatatosha kwa sababu "mashine yake inachambua vizuri", ujue kwamba mashine haitengenezi nyuzi. Inachoweza kuongeza ni hewa tu.

Iandike idadi hiyo kwenye mkataba kabla kazi haijaanza, na siku ya kazi omba maganda ya magunia yaachwe mahali pamoja ili uyahesabu. Fundi mwaminifu hatachukia. Kanuni ileile ya Marekani inamtaka fundi ampe mteja mkataba au risiti inayoonyesha eneo lililofunikwa, unene, thamani ya R na idadi ya magunia yaliyotumika, kwa hiyo huombi fadhila yoyote. Omba pia rula za karatasi zipigwe kwenye maboriti, zikiangalia mlango wa darini, ili usome unene bila kukanyaga kazi. Kanuni za ujenzi zinazotumika katika majimbo mengi ya Marekani zinataka alama moja kwa kila futi za mraba 300, karibu mita za mraba 28. Rula isome unene sahihi, magunia yafikie idadi sahihi. Kimoja kikipungua, kazi haijaisha.

R ngapi zinatosha?

Hapa ushauri wa wauzaji huwa ni mmoja: ongeza. Mimi ningetaka uone hesabu kwanza, maana inaonyesha mahali ambapo pesa inafanya kazi kubwa na mahali ambapo inaanza kuchoka.

Fikiria dari ya mita za mraba 100, na tofauti ya joto ya digrii 20 za Selsiasi kati ya chumba na nafasi ya juu. Dari tupu, isiyo na kihami joto chochote, ina R ya kama 2 tu, na itapoteza karibu wati 5,700 muda wote. Weka R-19, upotevu unashuka hadi wati 600. Ongeza mara mbili, R-38, unabaki na 300. Panda hadi R-60, unabaki na 190. Hatua ya kwanza iliokoa wati 5,100, ya pili 300, ya tatu 110. Kwa hiyo mwenye dari tupu asisubiri hata msimu mmoja. Mwenye R-38 iliyowekwa vizuri anaweza kulala kwa amani, na kama ana fedha ya ziada aiangalie milango na madirisha yake kwanza.

Energy Star, programu ya Marekani ya matumizi bora ya nishati, kwa dari isiyo na kitu, inapendekeza R-30 kwa maeneo yenye joto zaidi kama kusini mwa Florida, R-49 kwa ukanda unaofuata wa kusini, na R-60 kwa maeneo ya baridi. Ni mapendekezo mazuri kwa anayepuliza mara ya kwanza, kwa sababu gharama kubwa ni kuleta mashine na watu. Kuongeza sentimita kumi wakati mpira tayari uko darini ni jambo dogo. Kurudi miaka mitano baadaye kwa ajili ya sentimita hizohizo ni jambo kubwa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hesabu hizi zinaficha: mashimo. Chukua dari ileile ya mita 100 yenye R-49, lakini ina mlango wa ngazi ya kukunja wenye eneo la mita moja ya mraba, mbao tupu, R-2. Asilimia moja tu ya dari. Wastani wa dari nzima unashuka kutoka R-49 hadi karibu R-40. Mlango mmoja ulioachwa umekula kazi ya magunia kadhaa. Na hiyo ni kwa joto linalopenya kwenye ubao wenyewe, kabla hatujahesabu hewa inayovuja kwenye kingo zake.

Kuziba kwanza, kupuliza baadaye

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo ningependa lisomwe hata na atakayeruka mengine yote. Faibaglasi haizuii hewa kupita. Inaichuja. Ukifunua faibaglasi ya zamani darini ukakuta mabaka meusi, hasa juu ya kuta za ndani na kandokando ya mabomba, mara nyingi hiyo si kuvu. Ni vumbi la miaka mingi lililonaswa na nyuzi wakati hewa ya chumbani ikipanda na kutoroka. Kila baka jeusi ni alama ya tundu lililo chini yake.

Wakati wa baridi hewa ya ndani, ikiwa na joto na wepesi, hujikusanya juu na kusukuma kutafuta njia ya kutokea. Njia ziko tele: pale ubao wa juu wa ukuta unapokutana na jipsamu, matundu ya nyaya, nafasi kuzunguka mabomba ya maji taka, masanduku ya taa, feni ya bafuni, na mbaya kuliko zote, ule uwazi mpana unaozunguka bomba la moshi kutoka chini hadi paani. Hewa inapotoroka juu, hewa ya baridi huvutwa kuingia chini. Unaweza kumwaga nusu mita ya faibaglasi juu ya matundu hayo na hewa ikaendelea kupita, ila sasa hutayaona tena, na kuyafikia kutamaanisha kuchimba na kusogeza kila kitu.

Ndiyo maana utaratibu haubadiliki: ziba, halafu puliza. Povu la kupuliza kwa matundu madogo, silikoni kwa nyufa, ubao au bati kwa uwazi mkubwa. Kuzunguka bomba la moshi tumia bati na gundi inayohimili moto, kamwe si povu la kawaida. Mlango wa darini upigwe mpira wa kuzibia kwenye kingo, ubandikwe kipande kinene cha kihami joto kigumu kwa juu, na uzungushiwe fremu ya mbao ndefu kupita unene utakaopulizwa, ili nyuzi zisimwagike kichwani mwa atakayeufungua. Siku moja ya kazi hii, ya kutambaa kwa magoti na tochi kichwani, mara nyingi huleta nafuu kuliko ile tofauti ya R-49 na R-60 ambayo watu hubishana juu yake kwa wiki nzima.

Hewa inayotoroka hubeba unyevu pia. Ikifika chini ya paa baridi inageuka matone au barafu, mbao zinaloa, kuvu inaanza. Fundi anayepuliza bila kuziba anaweza kuifanya hali iwe mbaya kuliko alivyoikuta, kwa sababu nafasi ya juu sasa ni baridi zaidi huku unyevu ukiendelea kupanda vilevile. Na feni ya bafuni ambayo bomba lake linaishia darini, badala ya kutokea nje, lazima irekebishwe kabla gunia la kwanza halijafunguliwa.

Udhaifu wake kwenye baridi kali

Faibaglasi ya kupuliza ina tabia moja ambayo wauzaji hawaisemi kwa hiari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa maabara ya taifa ya Oak Ridge, jimboni Tennessee, walitumia kifaa kikubwa cha kuigiza hali ya hewa juu ya dari nzima, wakapima vihami joto vya kupuliza katika baridi za viwango mbalimbali. Walikuta kwamba baadhi ya faibaglasi nyepesi za wakati ule, baridi ilipozidi, zilipoteza hadi nusu ya uwezo wake.

Sababu ni ule msafara wa hewa. Chini kuna dari yenye joto, juu kuna hewa ya baridi kali. Hewa iliyo chini ya tabaka inapata joto na kupanda kati ya nyuzi, ya juu iliyo nzito inashuka kuchukua nafasi yake, na ndani ya tabaka lenyewe vinajengeka vizunguko vinavyobeba joto kwenda juu. Tofauti ya joto ikiwa ndogo, nyuzi zinatosha kuizuia hewa. Ikiwa kubwa, zinashindwa. Yaani kihami joto kinapungua nguvu usiku uleule unaokihitaji kuliko usiku wowote.

Baada ya hapo viwanda vilibadilisha umbo na msongamano wa nyuzi, na bidhaa za leo si zile zilizopimwa wakati ule. Hata hivyo somo linabaki kwa yeyote anayeishi kwenye baridi ya kugandisha kwa miezi: usikubali tabaka lililopulizwa kwa hewa nyingi, maana wepesi ndio unaofungua njia ya vizunguko hivyo. Kama una faibaglasi nyepesi ya zamani, kumwaga sentimita chache za selulosi (kihami joto cha karatasi, tutakifikia hapo chini) juu yake, au kutandika blanketi la faibaglasi lisilo na karatasi, hufunika uso wa tabaka na kutuliza hewa.

Kwenye nchi za joto jambo hili linageuka kabisa. Paa lililopigwa na jua linakuwa juu, lenye moto. Chumba chenye ubaridi kiko chini. Hewa ya moto ikiwa tayari juu haina sababu ya kushuka, kwa hiyo hakuna vizunguko. Faibaglasi ya kupuliza hapo hufanya kazi yake kwa utulivu mwaka mzima, na unene unaohitajika ni mdogo zaidi. Tatizo la kule ni mnururisho kutoka paani, na linarudisha suala lilelile la uzito: nyuzi zikiwa chache, miale inapita.

Ukilinganisha na wenzake

Mshindani wa karibu ni selulosi, inayotengenezwa kwa karatasi zilizotumika, nyingi zikiwa magazeti, na kutiwa chumvi za boroni ili isishike moto haraka na isipendwe na wadudu. Hutoa R 3.2 hadi 3.8 kwa inchi, kwa hiyo unene wake ni mdogo kwa thamani ileile. Huipunguza hewa vizuri zaidi, na haina ule udhaifu wa baridi kali. Lakini hushuka: tabaka la selulosi lililopulizwa likiwa kavu linaweza kupungua karibu asilimia 20 ya unene wake kadiri miaka inavyopita, ndiyo maana jedwali lake huonyesha unene wa siku ya kwanza na unene baada ya kutulia. Faibaglasi hushuka kidogo sana. Selulosi pia hunyonya maji na kuyashika, wakati nyuzi za kioo hazinyonyi, ingawa maji yanaweza kukaa kati yake hadi yakauke.

Halafu kuna uzito juu ya dari yenyewe. Kwa R-49, faibaglasi inakaa kwenye kilo 4 hadi 5 kwa mita ya mraba. Selulosi inaweza kufika mara mbili ya hapo. Jipsamu ya kawaida ya nusu inchi iliyopigiliwa kwenye maboriti yaliyoachana sentimita 60 inaweza kuanza kulegea na kubonyea chini ya mzigo wa selulosi nene. Kwa dari za namna hiyo, faibaglasi ndiyo ningeichagua bila kusita.

Sufi ya mawe ya kupuliza, yaani nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa, ni nzuri kwa moto, kwa kuwa inahimili zaidi ya digrii 1,000, na ni nzito kiasi cha kutulia vizuri, ila si kila mahali inapatikana. Mablanketi ya faibaglasi yanafaa kwenye dari iliyonyooka, yenye maboriti ya nafasi sawa na nyaya chache, na fundi mwenye subira ya kukata kila kipande kwa usahihi. Dari nyingi haziko hivyo. Zina mabomba, nyaya, mihimili ya kukatiza, pembe za ajabu, na kila blanketi lililokunjwa au kuacha upenyo ni njia ya joto. Vya kupuliza hujaza pembe hizo vyenyewe, na hiyo kwangu ndiyo sababu kubwa ya kuvipenda.

Vinavyoweza kukuzuia kuanza

Kabla ya kuagiza chochote panda juu na taa yenye nguvu. Ukikuta kihami joto cha chembechembe zinazong'aa kama mchanga wa kijivu au wa dhahabu, usikiguse. Huenda ni vamikulaiti. Sehemu kubwa ya vamikulaiti iliyouzwa Marekani hadi mwaka 1990 ilitoka kwenye mgodi wa Libby, jimboni Montana, ambao mwamba wake ulichanganyika na asbesto, madini ya nyuzi yanayosababisha saratani. Shuka, funga mlango, tafuta wataalamu wa asbesto.

Nyaya za kizamani zinazopita wazi kwenye vikombe vya kauri hazipaswi kufunikwa, kwa kuwa zilibuniwa zipoe kwa hewa inayozizunguka. Fundi wa umeme azibadilishe kwanza. Taa zilizozamishwa darini nazo zina aina mbili: zilizoidhinishwa kuguswa na kihami joto, na zisizoidhinishwa, ambazo zinataka nafasi ya angalau sentimita 7.5 pande zote na zisifunikwe juu. Njia bora ni kuziondoa hizo za pili na kuweka mpya zisizovuja hewa. Mabomba ya moshi yanataka kizuizi cha bati kinachoweka nyuzi mbali kwa umbali uliotajwa na kanuni za eneo lako. Nyuzi za kioo haziungui, lakini si ruhusa ya kuzirundika kwenye bomba la moto.

Upande wa mapaa, pale upenuni hewa ya nje inapoingilia, weka vibao vya kuelekeza hewa kati ya makombamoyo kabla ya kupuliza. Bila hivyo nyuzi zitaziba matundu ya hewa, au upepo utaingia na kupeperusha tabaka la pembeni hadi ubao uonekane. Kanuni nyingi zinataka eneo la matundu liwe moja ya 150 ya eneo la dari, au moja ya 300 pakiwa na mgawanyo mzuri wa matundu ya chini na ya juu.

Kihami joto cha zamani kilicho kikavu na kisafi hakihitaji kuondolewa. Puliza juu yake na ujumlishe thamani za R. Kilicholoa au kilichojaa kinyesi cha panya kitoke. Na usiweke karatasi ya kuzuia unyevu juu ya tabaka la zamani, utanasa unyevu katikati.

Kuhusu afya, hofu ya saratani ilikuwa na msingi wa tahadhari kwa miaka kadhaa, lakini mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliitoa sufi ya kioo ya kuhami joto, yaani faibaglasi, kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani na kuiweka kundi la 3, la vitu ambavyo ushahidi hautoshi kuviainisha. Muwasho wa ngozi, macho na koo upo na ni wa kweli. Barakoa ya aina ya N95, miwani inayoziba, glavu na mikono mirefu si vya hiari, na familia isipande kule kazi ikiendelea.

Je, ufanye mwenyewe? Dari pana, yenye nafasi ya kusimama nusu, isiyo na matatizo niliyotaja, watu wawili wanaweza kuimaliza kwa siku na mashine ya kukodi: mmoja anailisha, mwingine anashika mpira. Soma jedwali la mpangilio wa mashine lililo kwenye gunia na usiongeze hewa kupita lilivyoagiza, maana udanganyifu wa fundi mbaya unaweza kutokea hata kwa mtu mwema asiyejua. Anza mbali, rudi nyuma kuelekea mlangoni, kanyaga maboriti tu. Ukifika nusu ya eneo, simama uhesabu magunia. Kama umetumia chini ya nusu huku rula ikisoma unene kamili, punguza hewa, rudi ulikotoka na uongeze nyuzi hadi magunia yote ya hesabu yaishe.